Tulisifu Zoezi la Logi

Waungwana, nchi yetu ni tajiri wa sifa. Kila kitu kina mtu wake wa kukisifu. Viongozi wana kwaya, timu za mpira zina wasemaji wanaolipwa mishahara, mbuga za wanyama zina mabango barabarani, na hata migebuka ya Ziwa Tanganyika haijakosa mlaji wa kuitangaza. Aliyebaki yatima ni mmoja tu: zoezi la hesabu la sekondari, lile lenye logi, grafu za kuhamishwa, mistari minyoofu na fanksheni za kipeo cha pili. Likiandikwa ubaoni saa nane mchana, jua la Mpanda limeketi juu ya bati, nusu ya darasa huomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakuna anayelitungia wimbo. Leo nasimama kulisifu, na ninaomba radhi mapema kwa wote waliokwisha kulilaani.

Nianze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa nani. Hesabu za kipeo cha pili zimetulia katika vitabu tangu karne ya 9, pale Baghdad, ambapo al-Khwarizmi aliandika namna ya kuzitegua hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya kitabu chake aliitumia kueleza mgawanyo wa mirathi. Kwa hiyo hili ni zoezi lililolelewa kwenye vikao vya ndugu wanaogombea shamba la marehemu. Likikukalia kwa ukorofi, ujue ni malezi. Logi nazo zilizaliwa Uskoti. John Napier alizihangaikia kwa takriban miaka 20 ndipo akazitangaza mwaka 1614. Akafuata Mwingereza Henry Briggs, aliyechapisha mwaka 1624 logi za namba 30,000, kila moja ikiwa na tarakimu 14 baada ya nukta, zote kwa kalamu na mkono. Mtoto wa kidato cha pili leo anaombwa tarakimu nne tu, tena amefunguliwa jedwali mbele yake. Anayelalamika hapo amelelewa kwa mayai.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 30 kati ya 100 zinatosha kupata D na kuhesabiwa kuwa umefaulu. Maana yake unaruhusiwa kukosea alama 70 na bado ukapewa mkono wa pongezi. Ni mlango gani mwingine wa serikali ulio wazi kiasi hicho? Hata hivyo, kati ya mwaka 2020 na 2022 ufaulu wa Hisabati ulizunguka kwenye asilimia 20, yaani wanne kati ya watano waliupita mlango huo pembeni. Zoezi halikununa. Mwaka uliofuata lilirudi lilelile, kwa sura ileile, likiwangojea wadogo zao. Upendo wa namna hii hauonekani mara nyingi, hata kwa ndugu wa damu.

Fadhila ya pili ni usawa. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza anakuta Biolojia na Historia zimehamia Kiingereza usiku mmoja. Zoezi letu halina makuu hayo. Andika y = 2x + 3, na mtoto wa mfugaji wa Kisukuma aliyekuja Mlele na ng'ombe wake, mtoto wa Kipimbwe aliyezaliwa Mpimbwe, na mjukuu wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 anayekaa Mishamo wataona kitu kimoja: x na y. Wote watatu watakikosa kwa haki sawa. Hakuna mwenye mjomba ndani ya mlinganyo.

Tuje kwenye unyenyekevu. Wengi wetu tunaamini namba ni hasi au ni chanya, kama vile mtu ni mzima au ni marehemu. Zoezi la logi linatuvua kiburi hicho. Ukitafuta logi ya 0.02 unapewa kiumbe cha ajabu: mbili yenye kistari kichwani, kisha nukta, kisha 3010. Kichwa ni hasi, kiwiliwili ni chanya. Ukikisoma chote kuwa hasi, umekosa; ukikisoma chote kuwa chanya, umekosa zaidi. Ukishapona hapo, unakutana na vile visafu vyembamba vya upande wa kulia wa jedwali, ambako jicho likiteleza safu moja jibu linahamia kwa jirani. Kuna watu wamefunga, wamesali, wametafuta washauri wa saikolojia ili wajifunze utulivu. Wangefungua tu kitabu cha majedwali.

Mstari mnyoofu ni mpole zaidi, nao ndio chambo chenyewe. Umemwonea nani mstari mnyoofu? Una mambo mawili tu: ulikoanzia na kasi ya kupanda kwake. Anayepanda bodaboda stendi ya Mpanda kwenda Kawajense anaujua bila kufundishwa: kuna bei ya kukalia kiti, halafu kuna bei ya kila kilomita. Kwa sababu ya upole huo, watu huupenda hadi kuutumia pasipostahili. Hilo nitalirudia, maana ndipo ugomvi wangu ulipo.

Fanksheni ya kipeo cha pili kazi yake ni kukomesha tamaa. Mpe mkulima waya wa mita 100, mwambie azungushe bustani ya mstatili pembeni ya ukuta uliokwisha kujengwa, ili pande tatu tu zihitaji waya. Akiichomoza bustani mita 5 tu kutoka ukutani, urefu unabaki mita 90, naye anapata mita za mraba 450. Akiona ni ndogo, anaruka upande wa pili: anaichomoza mita 45, urefu unabaki mita 10, na eneo ni lilelile, 450. Mchoyo na mbadhirifu wamekutana. Anayetulia kwenye mita 25 anavuna mita za mraba 1,250, kwa waya uleule. Haya yote yamo ndani ya x(100 − 2x), na grafu yake inainuka, inafika kileleni na kushuka kwa ulinganifu usiomwonea yeyote. Mwanafunzi anayeunganisha nukta zake kwa rula, akapata kilele chenye ncha kama paa la kibanda, anakatwa alama kwa sababu nzuri: juu ya kilele kile hakuna kona ya ghafla, kuna mahali ambapo kuongeza hakuongezi tena.

Sasa niseme juu ya kuhamisha grafu, kitendo ambacho watu wa Katavi wana haki ya kujidai nacho kuliko mkoa wowote. Mwanafunzi anaambiwa abadilishe f(x) iwe f(x − 2). Anaona alama ya kutoa, anasukuma grafu kushoto. Anakosa. Inakwenda kulia. Darasa linanung'unika kwamba wazungu wana uchawi. Lakini fikirini: kila x inakatwa mbili kabla ya kuingia, kwa hiyo ili itimize kile ilichokuwa ikitimiza ilipokuwa 0, sasa inabidi ije ikiwa 2. Grafu haijafanywa lolote. Kilichoguswa ni kipimo.

Mpanda ililiona hilo kwa macho. Hadi mwaka 2012 ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na mwenye kufuata saini ya mkoa alisafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda Sumbawanga. Mwaka huo Mkoa wa Katavi ukaanzishwa na makao makuu yake yakawekwa Mpanda. Mzee aliyekuwa ameketi Makanyagio akajikuta yuko makao makuu ya mkoa bila kusogeza hata kigoda. Reli ya kutoka Kaliua ilibaki inaishia palepale. Kilichohama ni sifuri. Yeyote aliyelielewa tangazo lile alikwisha kuelewa kuhamisha grafu, isipokuwa hakuna aliyempa alama zake.

Kuna maadui, na siwezi kuwanyamazia. Wa kwanza anauliza: "Hizi logi nitazitumia wapi maishani?" Namjibu kwa kumpeleka nyumbani. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, kwenye Bonde la Ufa, na linahesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne ya 20. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa na la 5.9, likabomoa nyumba na kuua watu. Asiyejua logi anatoa 5.9 kutoka 7.4, anapata 1.5, anasema tofauti ni ndogo. Mwenye jedwali anajua kwamba vipimo hivi ni logi, kwa hiyo anaitafutia 1.5 antilogi: 31.62. Mtikisiko wa ardhi wa 1910 ulikuwa, kwa makadirio, mara 30 hivi ya ule wa Bukoba, na nguvu iliyotoka ni zaidi ya mara 170. Mhandisi anayejenga madarasa juu ya bonde hilo afadhali awe alilifanya zoezi.

Adui wa pili ni simu. Anasema simu inatafuta logi kwa kufumba na kufumbua, kwa nini tuteseke? Kweli inatafuta. Simu itakupa logi ya namba yoyote utakayoiuliza. Haitakwambia ni namba gani ya kuuliza. Na hapa narudi kwenye ule ugomvi wangu na mstari mnyoofu.

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu 1,152,958. Ndio mkoa uliokua kwa kasi kuliko yote nchini. Wakulima na wafugaji walifuata ardhi, na watoto wakazaliwa. Mpenda mstari anachukua rula: katika miaka kumi wameongezeka watu 588,354, basi miaka kumi ijayo wataongezeka hao hao, na mwaka 2032 tutakuwa 1,741,312. Anafunga daftari, anakwenda kunywa chai.

Mtu wa logi hana haraka ya chai. Anagawanya 1,152,958 kwa 564,604, anapata 2.042. Jedwali linampa logi 0.3100. Anagawanya kwa 10, miaka iliyopita, anapata 0.0310, na antilogi yake ni 1.074. Kila mwaka watu wameongezeka takriban asilimia 7.4 juu ya waliokuwapo mwaka uliotangulia. Takwimu rasmi zinasema 7.1, kwa sababu zinahesabu ukuaji usiosubiri mwisho wa mwaka; watoto hawazaliwi Desemba 31 pekee. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja: kasi ikibaki hivyo, mwaka 2032 Katavi itakuwa na watu 2,354,000 na ushei. Tofauti kati ya rula na jedwali ni zaidi ya watu 600,000. Hao ni wengi kuliko watu wote waliokuwa Katavi mwaka 2012. Mpenda mstari amewasahau wote kwa sababu aliona logi ni adha.

Labda kasi itapungua. Ardhi haizai ardhi. Lakini hata atakayetaka kuonyesha kwamba inapungua atalazimika kuzichora logi za sensa dhidi ya miaka na kutazama kama mstari unapinda. Ndiyo, mstari. Ukuaji wa namna hii ukichukuliwa logi zake, unanyooka, na mteremko wake ndio unaokupa kasi yenyewe. Zoezi lililoonekana kuwa mateso manne tofauti limekuwa kazi moja: logi, grafu, na mstari mnyoofu uliokaa mahali pake. Fanksheni ya kipeo cha pili imebaki bustanini, inalinda waya.

Kwa hayo yote ninatoa hukumu. Zoezi la logi ni refu, linachosha, linaumiza macho, limewanyima watu wengi vyeti vizuri, na shule nyingi hazina hata walimu wa hesabu wa kutosha wa kulifundisha. Hayo nayakubali yote. Lakini hakuna zoezi jingine katika mihtasari yetu linaloweza kumwambia mtoto wa Mpanda, kwa jedwali la tarakimu nne na kipande cha karatasi, jinsi mkoa wake utakavyokuwa atakapokuwa mzazi.

Basi wewe msomaji, kabla hujamcheka mwanafunzi anayelipigia msuli, fanya swali moja tu. Tafuta logi ya 2, ambayo ni 0.3010, uigawanye kwa 0.0310. Utapata miaka 9.7 hivi, muda ambao watu wa Katavi huongezeka mara mbili kwa kasi hiyo. Kisha nenda shule iliyo karibu nawe, hesabu madawati, na uwaulize wanaopanga bajeti walitumia rula au jedwali.