Tuisifu Rimu Nyembamba

Injini imesifiwa mpaka imelewa sifa, rangi imesifiwa, hata muziki wa garini umesifiwa. Asiye na mtetezi ni rimu nyembamba ya mbio za robo maili, ile ambayo Mmarekani huifunga mbele ya Mustang au Camaro anayoendea kazini na kupelekea watoto shule. Upana wake inchi nne na nusu, na nyingine hazifiki hata nne. Majirani wakiiona humhurumia mwenye gari: wanadhani amepata pancha, amefunga spea na sasa anangoja mshahara. Leo nasimama upande wake.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi, na hapa hata adui yake hana la kusema. Kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu inasonga mbele pamoja na gari na papo hapo inazunguka, kwa hiyo injini huilipia mara mbili. Ukiitoa pale, wakati wa kuchomoka ni sawa na kutoa karibu kilo mbili bodini. Katika mbio za mita 402, ambamo mshindi hupatikana kwa sehemu ya sekunde, hiyo ni hoja nzito. Ndiyo maana muungwana hulipa dola zaidi ya elfu moja kwa seti ya alumini iliyofuliwa, akaokoa kilo chache kila kona ya gari, kisha akaingia ndani na kitambi chake ambacho kukipunguza kungekuwa bure.

Sifa ya pili ni kwamba inachangamsha biashara. Mustang GT ya 2015 yenye nguvu za farasi 435, ukiichukua na breki zake kubwa za hiari, ina disku za mbele za milimita 380. Rimu ya inchi 15 kipenyo chake ni milimita 381, na hapo kalipa bado haijatafutiwa mahali pa kukaa. Mtu mwenye papara angesema basi, rimu haiingii. Mpenzi wa rimu nyembamba husema breki ndiyo iliyozidi. Huagiza breki ndogo, na gari lenye mbio kuliko yote mtaani likaanza kusimama kwa adabu mpya. Baada ya hapo hununua boliti ndefu, kwa kuwa kanuni za mashindano zinataka nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa boliti. Hununua na nati zilizo wazi mbele, mkaguzi apate kuona kwa macho yake kama boliti imefika. Alikwenda dukani kununua wepesi, akarudi na maboksi matano.

Sifa ya tatu ni malezi. Gari likifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, na huko mbele unakuta vitairi viwili vyembamba vinavyotazamana. Nyuma kuna matairi mapana ya mpira laini, yenye kashata chache, yanayoisha upesi na kuchukia maji. Dereva aliyekuwa akimgandama mwenzake barabarani sasa humwachia nafasi ya basi zima. Aliyekuwa akikata kona kwa mkono mmoja sasa hushika usukani kwa yote miwili na kupiga dua. Wingu likitanda hulitazama kama mkulima anavyolitazama, ila yeye anaomba lipite. Ni shule gani ya udereva imewahi kufundisha unyenyekevu kwa kasi hiyo?

Tena rimu hii hukagua barabara bila mshahara. Woodward Avenue ya Detroit ilipata maili moja ya zege mwaka 1909, wakati ambapo sehemu kubwa ya Marekani ilikuwa bado inakula vumbi, na karibu kila Agosti tangu 1995 wapenda magari hujazana hapo kutembeza vyuma vyao. Lakini majira ya baridi ya Michigan hayajali historia. Maji huingia kwenye nyufa, huganda, huvimba, na barafu ikiyeyuka lami hubaki na mashimo. Rimu ya kawaida na tairi lake nene hulisitiri shimo. Rimu nyembamba hulitangaza: kwanza mlio, kisha usukani unatetemeka, kisha upepo unatoka pale ukingo ulipopinda.

Wasio na shukrani hukumbusha kwamba Wally Parks alipoanzisha NHRA, chama cha mbio hizi, mwaka 1951, nia ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka viwanjani wakashindane kwa usalama. Ni kweli, na kazi hiyo ilifanyika vizuri. Rimu nyembamba ikaona viwanja vimeshiba, ikafunga safari ya kurudi barabarani.

Wapo pia watakaonitajia Dodge Challenger SRT Demon ya 2018, gari la kiwandani lenye hadi nguvu za farasi 840. Namshukuru anayelitaja, maana ndilo shahidi wangu mkuu. Gari hilo liliingia katika rekodi za Guinness kwa kunyanyua magurudumu ya mbele wakati wa kuondoka na kusafiri nayo hewani mwendo wa futi 2.92, karibu sentimita 89. Kumbe gurudumu la mbele hutumika vizuri kuliko wakati wowote pale lisipogusa ardhi! Sasa tazama Dodge walivyofanya na rimu nyembamba. Walimuuzia mteja, ila hawakuzifunga kwenye gari. Walizitia kwenye kasha pamoja na jeki na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na gari lenyewe likatoka kiwandani limevaa mapana pande zote nne. Watu waliothubutu kumkabidhi raia farasi 840 hawakuthubutu kumpeleka nyumbani juu ya rimu hizo.

Hiyo ndiyo hukumu, na mimi mtetezi wake naikubali. Rimu hii inajua kazi moja, ya mita 402 zilizonyooka na kavu, na huifanya kuliko zote. Ukiipenda, ipakie kwenye buti, ifunge ukifika uwanjani, shindana, kisha ifungue kabla ya kuondoka. Ukisharudisha zile pana, kaza nati kwa spana ya kupimia, na baada ya kilomita 80 simama uzikague tena.