Njia saba za vumbi: Kibaha na Kisarawe zapimana ubavu

Kutoka Kimara hadi Kibaha, Barabara ya Morogoro imepanuliwa hadi njia nane. Hesabu mwenyewe: nane. Na katika zote nane sioni hata moja ambayo mama yako angekuruhusu upite na baiskeli. Basi lami tuwaachie wenye haraka zao, sisi tuingie vumbini. Huko ndiko historia ya Uzaramo ilikojilaza, na hakuna lori la kuiamsha.

Vigezo vya jopo (jopo ni mimi na baiskeli yangu) ni vitatu. Magari yawe machache kuliko mbuzi. Changarawe iwe ya kweli, si lami iliyozeeka. Na njia iwe na kisa. Anayetaka jasho tupu aende jimu. Malalamiko yanapokelewa. Kusomwa ni suala jingine.

7. Viunga vya Shirika la Elimu Kibaha

Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo hapa Kibaha, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Serikali. Vijia vyake ni vifupi, vina kivuli, na hatari kubwa ni mwanafunzi anayekimbilia kengele. Lakini hebu fikiria. Walikuja watu wa Denmark, nchi ambako waziri anaweza kwenda kazini kwa baiskeli bila kuulizwa kafilisika lini, wakatuachia madarasa na maabara. Ule ugonjwa wao wa baiskeli wakarudi nao kwao.

*Hukumu:* Pa kujifunzia. Ukianguka, Hospitali ya Tumbi iko jirani.

6. Bonde la Ruvu, kuanzia Mlandizi

Tambarare, upepo, na mto ambao Dar es Salaam inaunywa kila siku kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Wapelelezi Burton na Speke walifuata bonde hili mwaka 1857 wakielekea bara, wakilipa hongo kwa wakuu wa Kizaramo kila walipopita. Leo utalipia dafu tu, na utapewa chenji. Kasoro ni masika: udongo mweusi unanata mpaka tairi linagoma kuzunguka, na hapo baiskeli ndiyo inayokupanda wewe.

*Hukumu:* Juni hadi Septemba, tamu. Aprili, waachie wavuvi. Na ukikutana na kiboko, gia ishirini na nne hazina msaada kama hukuwahi kugeuza usukani.

5. Soga, pembeni mwa reli mbili

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mwaka 2024 ikaja reli ya kisasa, SGR, kubeba abiria sambamba na bibi yake. Reli ya kwanza ina upana wa mita moja, ya pili milimita 1,435, na njia yako wewe ina upana wa tairi. Pita njia za vijijini, si juu ya reli. Umeme wa SGR haujui utani.

*Hukumu:* Treni mpya inakimbia kilomita 160 kwa saa, lakini haiwezi kusimama kwa muuza machungwa. Wewe unaweza. Mshindi hapo ni nani?

4. Mlandizi hadi Mzenga

Hii ni ya walafi wa historia. Unaiacha Barabara ya Morogoro, unavuka reli ya Mjerumani, unavuka SGR, na ukifika Mzenga unakutana na TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Reli tatu, tawala tatu, nauli sifuri.

Njia hii ni sehemu ya barabara ya Makofia–Mlandizi–Vikumburu, ambayo wakazi wanaisubiria lami kwa hamu. Waendesha baiskeli wa mjini huwa wanaomba lami ichelewe. Acheni dhambi hiyo. Mama anayewahishwa zahanati kwa bodaboda ana haki kubwa kuliko picha zenu za vumbi la jioni.

*Hukumu:* Nenda upesi, kabla maendeleo hayajakuharibia starehe.

Mapumziko: walioenguliwa

Kwala ilikuwa na nafasi nzuri, lakini sasa ina bandari kavu, na bandari kavu huzaa malori mabichi. Nje. Vikumburu kuelekea Mloka nako nimepafuta: ni njia ya kwendea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo hajawahi kusoma vigezo vya jopo. Mashabiki wa njia hizi, andaeni hoja, jazba hatupokei.

3. Masaki. Ndiyo, Masaki.

Masaki ya Kisarawe. Weka mtandaoni: "Jumamosi nimepiga baiskeli mpaka Masaki," kisha nyamaza. Rafiki zako watawaza Masaki ya Dar es Salaam: balozi, mahoteli na kahawa yenye povu. Wewe utakuwa chini ya mwembe, unatafuna muhogo wa kuchoma na pilipili. Na wilaya hiihii ina Chole yake pia, jina la barabara ya huko Masaki ya mjini, kwa hiyo mtu wa Kisarawe anaweza kutaja anwani za kitajiri siku nzima bila kusema uongo hata mmoja.

*Hukumu:* Mikorosho, minazi, vumbi jekundu na bei za kibinadamu. Ila ukitangaziwa kiwanja cha bei chee Masaki, uliza kwanza ni ipi.

2. Minaki na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi

Hapa jopo lilikaribia kupigana. Minaki ndiko kilikohamia Chuo cha Mtakatifu Andrea mwaka 1925 kikitokea Kiungani, Zanzibar. Jirani yake ni Pugu, alikofundisha Nyerere hadi mwaka 1955 alipoacha chaki akashika siasa. Katikati kuna hifadhi ya msitu wa asili inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS (getini lipa, usijifanye mwenyeji), makazi ya komba wa Rondo, mnyama mdogo na adimu kuliko mtu anayekubali kwamba amechoka. Jioni, popo wanamwagika kutoka mapango ya machimbo ya kaolini.

Na vilima hivi vina bingwa wake. Wewe una kofia ngumu, miwani na saa inayohesabu mapigo ya moyo. Yeye ana Phoenix isiyo na gia, magunia mawili ya mkaa kwenye keria, na breki yake ni kandambili. Anakupita mlimani akisema, "Pole, kaka." Msifu kwa miguu yake, si kwa mzigo, mkaa umeula sana msitu huu.

*Hukumu:* Ingekuwa ya kwanza, ila jopo bado lina aibu ya kupitwa.

1. Kisarawe hadi Maneromango

Taja nyingine, tubishane. Miaka ya 1890 Walutheri kutoka Berlin walifungua vituo vya misheni Kisarawe na Maneromango. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 navyo vikafika Uzaramo. Njia inapanda, inashuka, inapita makanisa, misikiti, mashamba ya mihogo na vibanda vya mafundi wanaoziba pancha huku wakikuuliza unamkimbia nani. Vipande vya lami utavikuta. Visamehe, ndiyo dunia.

Foleni pekee ya kuogopa ni mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayokwenda kwa miguu na kuijaza barabara yote. Kupiga kengele ni utovu wa adabu. Kupenya pembeni ni utovu mkubwa zaidi.

*Hukumu:* Shuka, isukume baiskeli, na kiuno kisibaki nyuma.

Matokeo

Kibaha tatu na nusu, Kisarawe tatu na nusu, maana Mlandizi–Mzenga wanagawana. Sare ya mabao, lakini medali zote tatu zimekwenda vilimani. Watu wa Kibaha, najua mnavuta kalamu. Ila mna makao makuu ya mkoa, mna SGR, mna njia nane za lami. Na changarawe nayo mnaitaka?