Boriti, Punda na Herufi Z

Mpwa wangu yuko darasa la saba. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amekaa barazani na kazi ya hesabu aliyopewa shuleni: mistari miwili sambamba, mstari wa tatu umeikata kimshazari, zimetokea pembe nane. Moja imeandikwa kipimo chake. Saba zilizobaki zimepewa herufi, kuanzia a hadi g. Tafuta. Naye alikuwa akilalamika kwamba tangu Lamu iwe Lamu, hakuna mtu aliyewahi kuhitaji pembe g.

Kutoka chini kichochoroni ikaja sauti, "Simila! Simila!" yaani, pisheni njia. Kisha ikakatika. Lamu ukisikia simila imekatika ghafla, vaa viatu utoke, kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa langu. Dari ya chumba cha juu ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka unga unatudondokea kwenye chai, na fundi akasema boriti zibadilishwe. Nyumba zetu za mawe hushikiliwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba hivyo: chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti. Mgeni akiingia hudhani yumo ndani ya behewa la treni. Basi nikanunua nusu korja, yaani boriti kumi, kila moja mita 3, nikahakikisha mwenye duka hanichanganyii mazio, ambayo ni membamba zaidi. Zikaletwa na mashua mpaka pwani. Kutoka pwani kupanda mjini hakuna lori wala tuktuk itakayopenya; kuna punda.

Nilipofika nikamkuta punda amesimama katikati ya njia, ametulia kama hahusiki. Kamba ilikuwa imelegea, boriti moja ikachomoka kwenye mzigo ikakingama: ncha ya mbele imejikita kwenye ukuta wa kushoto, ya nyuma imegota ukuta wa kulia. Punda yuko kati. Akienda mbele, boriti inazidi kukaza. Kurudi nyuma hataki. Juu wamekwama watu waliokuwa wakishuka sokoni, chini wamekwama waliokuwa wakipanda, pamoja na punda mwingine mwenye viroba vya mchanga.

Ushauri ulikuwa mwingi kuliko boriti. Mmoja alitaka msumeno. Mwingine alitaka ukuta uchongwe kidogo tu, inchi mbili, mzee mmoja wa barazani akamjibu, "Chonga, lakini UNESCO utawajibu wewe." Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na sijaona kazi ambayo orodha hiyo inafanya kila siku kama kunyamazisha watu wenye patasi. Mzee akaongeza, "Mrudisheni pwani huyo." Hakuna aliyemsikiliza.

Mpwa wangu akanivuta mkono. "Mjomba, hii si ndiyo ile picha ya kitabuni?"

Ilikuwa ndiyo. Kuta mbili ndiyo mistari sambamba, boriti ndiyo mstari unaoikata. Akakimbia kuchukua protrakta yake na daftari, akapenya chini ya shingo ya punda, akapima penye ukuta wa kushoto, upande unaotazama pwani: digrii 30. Jibu lilinipendeza, maana njia pale ina upana wa mita moja na nusu na boriti ni mita 3, na pembetatu mraba ambayo upande wake mfupi ni nusu ya ule mrefu kabisa haina ujanja, pembe yake ni 30.

"Basi tumemaliza," akasema. Ukiwa na moja unazo zote nane. Kwa herufi Z, ile pembe ya ndani iliyo upande wa pili wa boriti, penye ukuta wa kulia, nayo ni 30. Kwa herufi U, zile mbili za ndani zilizo upande mmoja zikijumlishwa ni 180, kwa hiyo ya kulia upande wa pwani ni 150. Herufi F haikutufaa, kwa kuwa inahitaji pembe ya nje, na pembe za nje zote nne zilikuwa ndani ya kuta, wanakoishi mijusi.

Lakini mtoto huyu haamini kitu bila kukishika. Akaenda kupima ya kulia. Ikatoka 154. Akapima tena, ikawa ileile. Ya Z ikawa 26.

Watu wakaanza kucheka protrakta ya plastiki. Mimi sikucheka. Sharti la hesabu yote ile ni neno moja, sambamba, na kuta za Lamu zilijengwa kwa macho ya fundi, mawe na chokaa. Euclid, aliyeandika hesabu zake Alexandria kama miaka 300 kabla ya Kristo, alishalisema: pembe mbili za ndani upande mmoja zikipungua 180, mistari itakutana upande huo. Upande wa mjini zilikuwa 176, njia inabana. Upande wa pwani 184, njia inafunguka. Boriti lazima irudi nyuma.

"Nimesema saa ngapi?" akauliza mzee wa barazani.

Sasa mwambie punda. Wanaume wanne walimsukuma kifuani, akafumba macho. Wakamvuta mkia, likawa kosa ambalo shati la mmoja wao lilishuhudia. Hatimaye bibi mmoja aliyekuwa akitazama dirishani ghorofani, na ambaye mchicha wake ulikuwa ukingoja chini kwa mchuuzi, akachoka. Ndoo nzima ya maji ilishuka mbele ya pua ya punda. Akarudi hatua mbili, boriti ikalegea na kuanguka chini pu! Daftari la hesabu likalowa, na pembe zote kuanzia a hadi g zikawa wingu moja la wino.

Mwenye punda alidai nyongeza ya kusubiri, nikamlipa. Fundi alikuwa ameshakwenda kula.

Nawe unayejenga Lamu, kabla hujaagiza boriti, teremka na kamba ukapime kichochoro chote, juu na chini. Kisha ziletwe alfajiri, na kamba za punda zikazwe kabla hajaondoka pwani.