Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Vifurushi, Juu ya Mirathi ya Marehemu

Kwa Mtukufu Mkuu wa Idara ya Vifurushi,
Kampuni ya simu ambayo jina lake nalisitiri kwa heshima.

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayowastahiki wenye mamlaka juu ya uhai na mauti, nakuletea waraka huu si kwa ugomvi wala kwa kulalama, kwa kuwa malalamiko, kama ujuavyo, hupokewa kwenu na sauti laini iliyorekodiwa, ambayo humhakikishia kila mpigaji kwamba simu yake ni muhimu mno, kisha ikamwachia muziki mpaka achoke mwenyewe. Ninalokuletea ni jambo la sheria, nalo ni la mirathi. Marehemu ni kifurushi changu cha intaneti, kilichofariki saa sita usiku hali kingali kizima, kina zaidi ya nusu ya megabaiti zake, bila ugonjwa wala ajali. Na mimi niliyekuwa nacho hadi dakika ya mwisho ningependa kujua, kwa idhini yako, ni nani aliyechukua kile kilichobaki.

Niruhusu kwanza nijitambulishe, maana katika madaftari yenu mimi ni tarakimu kumi tu zinazoanza na sifuri. Mimi ni mtu wa Unguja, karani mstaafu, na starehe yangu ya uzeeni ni kukusanya taarabu za zamani, zile zilizotiwa katika santuri nyeusi za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu, hata mwimbaji mwenye mengi ya kusema akalazimika kuukata wimbo katikati na kuumalizia upande wa pili. Ni starehe isiyo na madhara: haimlevyi mtu, haimtoi nyumbani kwake, na mke wangu amekwisha kuizoea kiasi cha kuweza kulala fofofo ndani yake. Hapo awali ilinipasa kuzitafuta santuri zenyewe katika majumba ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo, juu ya makabati na chini ya vitanda, nyingi zikiwa zimekwisha kupasuka, maana santuri za siku zile ziliangushwa mara moja tu. Siku hizi ninaye sahibu huko Maskati, Mzanzibari kwa asili, aliyenunua chombo cha kugeuza santuri kuwa faili. Kila apatapo moja huipiga, akaiondolea mikwaruzo kwa programu ya kompyuta, kisha akanitumia kwa simu, nami nikaipokea kwa adabu ile ile ambayo wazee wetu walipokelea mgeni aliyeshuka katika jahazi.

Wimbo mmoja wa namna hiyo, ukibanwa kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde, hauzidi megabaiti 3 ila kwa kitu kidogo. Basi gigabaiti moja, Mtukufu, yatosha kubeba nyimbo 300 na ushei, nayo ni hazina ambayo hakuna mzee wa mtaani kwetu aliyepata kuwa nayo ndani ya sanduku lake. Nakutajia hesabu hii usije ukanidhania kuwa miongoni mwa walafi wanaotazama mpira mchana kutwa kwa picha za kung'aa, kisha wakastaajabu kifurushi kimekwendapi. Mimi hula kidogo. Na kosa langu, nadhani, ni hilo hilo, kwa kuwa mlaji mdogo ndiye anayeacha mabaki mengi.

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV, santuri zilizotokana na safari ile ziliuzwa katika pwani yetu, na aliyenunua alinunua. Kampuni ile haikutuma mtu kuja usiku wa manane, fanusi mkononi, akaipangusa sauti kutoka katika mifereji ya santuri kwa hoja ya kwamba mwenye nyumba hakuipiga vya kutosha wiki ile. Yumkini hawakujaliwa akili ya biashara mliyojaliwa ninyi. Yumkini ni uchache wa mitambo. Lakini natija yake ni kwamba santuri ya mwaka 1928 ingali ikiimba, na kifurushi changu cha jana kimekwisha kuzikwa.

Sasa niingie katika mirathi. Kila kifurushi kinapokaribia ajali yake huniletea ujumbe usemao, "Ndugu Mteja, kifurushi chako kinakaribia kwisha," na mimi, niliyelelewa katika aila kubwa, sikulipuuza neno hilo la undugu hata siku moja, kwa sababu kwetu ndugu ni mtu mwenye fungu lake. Nikamwendea shekhe wa mtaani, ambaye anaijua faraidhi kwa mafungu yake yote, nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, nikamweleza kisa bila ya kumtaja mtu. Akaniuliza, marehemu ameacha nini? Nikamwambia, megabaiti. Ana deni? Hana, alilipiwa kabla ya kuzaliwa. Ameacha wasia? Hakupewa nafasi. Nani alikuwapo alipokata roho? Kampuni. Na nani aliyemwua? Kampuni. Na mali yake iko kwa nani? Hapo nikainamisha kichwa. Shekhe akanikumbusha kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa chuo, kwamba muuaji hamrithi aliyemwua, hata akiwa ni mwanawe wa kumzaa. Na hekima yake ni nyepesi, kwamba lau ingeruhusiwa, wenye haraka ya kurithi wasingengoja amri ya Mwenyezi Mungu. Ilhali katika idara yako muuaji na mrithi ni mmoja, tena hurithi peke yake, bila ya kugawana na mtu hata sudusi, na kulipokucha humwuzia mfiwa yule yule maiti yule yule kwa bei ya kiumbe hai.

Liko pia suala la siku. Kifurushi chenu cha siku nilikinunua saa tatu usiku, baada ya sala ya isha na chakula, wakati ambapo mstaafu hupata faragha yake. Kikafa saa sita. Nikajulishwa kwamba siku imetimia. Mimi nazijua hesabu mbili za siku, na zote hazikubaliani na yenu: ile ya saa, ambayo siku ni saa 24, na ile ya wazee wetu wa pwani, ambayo siku huingia magharibi, ndiyo maana kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu hii ya pili, kifurushi changu kiliuawa siku yake ikiwa na umri wa saa sita tu, bado haijaliona jua. Hesabu ya tatu, ambayo kwayo siku ni saa tatu, haimo katika falaki yoyote niijuayo, wala sidhani kuwa yumo mnajimu aliyeifikiria kabla ya kuajiriwa katika kampuni ya simu.

Najua utanijibu kwamba mmetuwekea kifurushi cha usiku, chenye gigabaiti tele kwa bei nafuu, kinachoanza saa sita usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Ni ukarimu mkubwa huo, kwamba bei ishuke kwa kadiri ya usingizi wa mnunuzi. Mimi na sahibu yangu tuliujaribu. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja, basi saa sita yetu ni saa saba yake, na yeye ni mtu mzima kunipita mimi. Akawa anakaa kitako na kidole juu ya kitufe cha kutuma, akingoja rehema yenu ifunguliwe, usingizi ukimchukua na kumrudisha. Usiku mmoja, badala ya wimbo, akanitumia rekodi ndefu ya mkoromo wake mwenyewe, nami nikaisikiliza hadi mwisho nikidhani ni udi unaotiwa sawa.

Wakili wako, kama ni mtu wa insafu, ataleta hoja moja ambayo naistahi kwa kuwa ina ukweli ndani yake, nayo ni kwamba mitambo ina kikomo. Ni kweli. Mnara wa simu una kiasi cha data unachoweza kupitisha kwa sekunde moja, na mtaa mzima ukifungua video baada ya isha, kila mtu hupata kidogo. Ndiyo sababu usiku wa manane, watu wakilala, nafasi ni kubwa na bei ni ndogo. Lakini kinachopita na kisirudi ni ile sekunde, siyo megabaiti. Megabaiti haikai ghalani, haivundi, haishiki kutu, wala haijapata kuliwa na panya. Niliponyamaza mimi bila kutumia, mnara wenu ulipata nafuu, na nafasi ambayo ningeishika ikashikwa na jirani yangu, nanyi mkamtoza. Kwa hiyo nafasi moja imekwisha kulipiwa mara mbili, na kesho nitaombwa kuilipia mara ya tatu, kwa ujumbe wenye kuniita ndugu.

Tena ungedhani kwamba mauti haya yana huruma pale ambapo njia yenyewe imefungwa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM, ambazo hulala chini ya bahari na kutuunganisha na ulimwengu, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine kadha za mashariki ya Afrika. Simu yangu ikakaa ikizungusha kiduara chake bila kufika popote. Hakuna wimbo uliotoka Maskati wala salamu iliyokwenda. Kitu kimoja tu kilichofanya kazi kwa usahihi, nacho ni tarehe ya kufa kwa kifurushi. Kilikata roho kwa wakati wake, bikira, bila kufungua hata ukurasa mmoja. Waya wa telegrafu ulipofikishwa Unguja chini ya bahari mwaka 1879, mtu alilipia maneno yake moja moja, na ghali. Walakini aliyekuwa na machache ya kusema hakutozwa kwa yale aliyoyanyamazia.

Sitaki kukutwisha dhima isiyokuwa yako. Ziko megabaiti ambazo hukuziua wewe, bali ziliangamia mikononi mwa simu yenyewe, ambayo programu zake hujisasisha zipendapo, bila hodi, na kila zikijisasisha hurudi nzito zaidi na mimi nisione kilichoongezeka ila kitufe kilichohamishwa pahala pake. Na ziko zinazoteketea katika kundi la aila yetu, ambamo kila alfajiri shangazi na wajomba hupelekeana video ya waridi linalochanua huku kengele zikilia, na heri ya siku mpya imeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Hizo nimezisamehe, maana wale ni ndugu kwa damu, na wakifa tutagawana.

Jambo linalonitia hofu kwa niaba yako ni habari za majirani. Huko Kenya, mnamo Oktoba 2019, kampuni ya Safaricom ilianza kuuza data isiyokuwa na tarehe ya mwisho. Huko Afrika Kusini, mwaka huo huo wa 2019, zilianza kutumika kanuni za mamlaka ya mawasiliano za kumpa mteja njia ya kuvusha data iliyobaki na ya kumhamishia mtu mwingine. Maana yake ni kwamba huko kifurushi kinaweza kuacha wasia. Na hapa kwetu Tanzania hukosi kukumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotoka na kusitishwa upesi kwa wingi wa makelele ya watu. Mambo haya yakiachwa kuenea, Mtukufu, itafika siku ambapo mtu atanunua kitu na kitu hicho kikawa chake, na sijui idara yako itapata wapi kazi ya kufanya usiku.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, unipe cheti cha kifo cha marehemu, kikitaja sababu ya mauti kwa lugha isiyo ya "vigezo na masharti", pamoja na jina la mrithi na fungu alilolipata. Na ikiwa sheria zenu hazijaweka wazi, unijulishe kama yanipasa kukaa matanga kabla ya kununua kingine, kwa kuwa sahibu yangu anazo santuri mbili mpya mezani na amekwisha kuniuliza, kwa upole wa watu wa Maskati, kama nimekufa mimi au ni kifurushi.

Jibu lako nitalipokea kwa furaha, ila nakusihi liandikwe kwa wino juu ya karatasi na kutiwa posta. Ukilituma kwa simu, pamoja na nembo yenu na picha ya yule kijana anayechekelea skrini, litakula megabaiti za wimbo mzima. Na ukilituma saa tano na nusu usiku, kama ilivyo desturi ya idara yako katika kutoa habari njema, halitanikuta na kitu cha kulifungulia. Barua ya posta huchelewa, nalijua hilo, lakini sijapata kuona iliyofutika maneno njiani kwa sababu stempu yake imepitwa na saa sita.

Wasalaam,
Ndugu yako, Mteja
Unguja