Mshirika Amelala

Manzese, uani, saa tano na ushei usiku. Pikipiki, Boksa, imefungwa mnyororo kwenye mwarobaini. Juu ya kiti chake kumelazwa begi la mgongoni, la mraba, jipya, la manjano ya kuumiza macho. Simu iko dirishani inachajiwa kwa waya ambao usipoukunja kwa namna yake, moto haupiti. Mwenye vitu hivi (kama kweli ni mwenyewe, maana hilo lina maneno) anakoroma ndani. Leo ameanza kazi ya kupeleka urojo kwa programu. Urojo tu. Waliobuni wanasema jiji limeshiba programu za chipsi kuku, wao wameona pengo.

BEGI: Shikamoo mzee.

BOKSA: Marahaba. Tangu asubuhi uko mgongoni mwa kijana unanizuilia upepo, salamu umeikumbuka saa hizi?

BEGI: Nisamehe mzee, nilikuwa kazini. Mshirika akiwa hewani sisi hatupigi soga.

BOKSA: Mshirika ndiye nani?

BEGI: Si huyu anayekoroma. Kwetu haitwi dereva. Dereva ana mwajiri, mshirika yuko huru.

BOKSA: Ana hisa ngapi?

SIMU: Babu, usianze. Mtoto wa watu mgeni huyu.

BOKSA: Nimeuliza tu. Mimi najua ushirika wa kahawa, wa korosho, hata wa kuweka na kukopa. Wote wana mkutano na watu wanarushiana viti. Huu wa urojo mkutano wake lini?

SIMU: Mkutano ni mimi. Ujumbe ukiingia, mkutano umefanyika.

BOKSA: Ndiyo maana leo nilikaa juani Sinza kuanzia saa nne mpaka saa saba, kijana kainama anakutazama kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Kijiweni tukikosa abiria, kahawa ipo, kashata ipo, Simba na Yanga wapo. Mwenzetu akianguka tunapitisha kofia. Leo hata wa kumwambia "jua kali" alikuwa hana.

SIMU: Lakini bei inajulikana mapema. Hakuna kelele.

BOKSA: Kelele ndiyo raha yenyewe! Abiria anasema elfu mbili, kijana anasema tatu, wanakutana katikati, na kila mmoja anaondoka anaamini amemla mwenzake. Wewe umemwambia 2,500, akanyamaza. Angebishana na nani, na kioo?

SIMU: Bei inapanda pia. Mvua ikinyesha kuna bonasi.

BOKSA: Leo imenyesha.

SIMU: Imenyesha huku kwetu. Bonasi ilikuwa Mbezi.

(Ndani ya begi kunasikika kitu kikigonga. Ni kopo la plastiki lenye kifuniko kilichopasuka pembeni, halijaoshwa, lina ukoko wa bizari.)

KOPO: Jamani hebu n'toeni humu, n'nanuka ukwaju. Yaani mie nimetoka kwa bibi wa Kizanzibari, nimetiwa urojo wa haki ya Mungu, halafu nikapitishwa kwenye matuta ya Sinza kama gunia la mkaa!

BEGI: Wewe ndiye uliyemwaga. Nilikushika wima.

KOPO: Wima! Kwenye tuta la kwanza nililala ubavu, la pili kifuniko kikasema kwaheri. Na hata n'singemwagika, ungekuwa urojo ule? Urojo haupelekwi, urojo unafuatwa. Pale Forodhani mtu anasimama mbele ya sufuria, anakatiwa kiazi, anatiwa badia na kachori, anamiminiwa rojo la moto lenye ukali wa embe, juu chipsi za muhogo, chatini, pilipili. Anakula papo hapo, muhogo bado unalia menoni. Mie nimetoka Sinza, tukafika Bamaga taa nyekundu, Morocco foleni, Namanga tunaulizana njia. Kule kufika badia zishanyonya rojo lote, zimevimba. Muhogo umekuwa kama kitambaa cha kufutia meza.

SIMU: Ndiyo maana mteja alitoa nyota moja.

BOKSA: Kampa nani? Muhogo?

SIMU: Kampa mshirika. Muhogo hauna akaunti.

BOKSA: Na kwa nini tuliulizana njia, na wewe una ramani?

SIMU: Nilimpeleka palepale ramani ilipoonyesha.

BOKSA: Ilionyesha baharini.

SIMU: Mita chache tu kutoka ufukweni!

BOKSA: Mwaka 2022 nchi nzima ilipewa namba za nyumba, mitaa ikapandiwa vibao. Kijana akapiga simu akauliza namba. Mteja akasema, "Njoo mpaka geti jeusi, nje kuna bajaji." Masaki! Geti lisilo jeusi ni lipi? Na bajaji si mnara, ilikuwa imeshapata abiria. Tukazunguka mpaka mlinzi mmoja akatuhurumia. Naye kwanza aliuliza, "Umeleta nini humo, urojo? Mbona umevaa urojo?"

KOPO: Aliona mgongo wa kijana. Manjano mpaka kwenye mkanda.

BEGI: Nashukuru rangi yangu imeficha.

BOKSA: Haya, tufunge hesabu. Dada, soma.

SIMU: Safari tano, 12,500. Kamisheni asilimia 20, yaani 2,500.

BOKSA: Kijiweni tuliwahi kulumbana juu ya mambo haya. 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilisema kwa usafiri wa mtandaoni kamisheni isizidi asilimia 15. Kampuni moja kubwa ikazima taa mjini. Mwaka haujaisha kamisheni ikapandishwa mpaka 25.

BEGI: Ile ni ya kubeba abiria, mzee. Urojo si abiria.

BOKSA: Kweli, urojo una bahati zaidi. Urojo ukimwagika unalipwa. Kijana je, akimwagika?

(Kimya. Mbwa wa jirani anabweka, anaacha.)

SIMU: Inabaki 10,000. Makato ya begi, 3,000.

BOKSA: Begi lipi?

BEGI: Mimi. Nalipiwa siku ishirini.

BOKSA: Kwa hiyo wewe, uliyeandikwa jina la kampuni kubwa kama bango la mkutano, unanunuliwa na huyu anayekubeba? Anatangaza watu kwa fedha zake?

BEGI: Sikupenda kuliweka hivyo.

SIMU: Inabaki 7,000. Fidia ya urojo uliomwagika, 6,500. Salio, shilingi 500.

KOPO: Na masalio yangu kayala mwenyewe, ndicho chakula chake cha jioni. Kwa hiyo leo amenunua urojo mmoja, kwa bei ya Masaki, kaula Manzese.

BOKSA: Mafuta yangu ya elfu tano yalitoka wapi?

SIMU: Yule mama wa Namanga aliyetupungia mkono. Elfu nne, taslimu. Nyingine kachomoa kwenye soksi. Dakika zile ishirini nilizimwa, na programu ikaandika mshirika amepungua ari.

BOKSA: Na hesabu ya bosi, elfu kumi? Mimi nina mkataba, miezi minne bado niwe wa kijana. (Nikishakuwa wake injini itakuwa ya fundi, lakini hayo tuyaache.) Hebu niambieni sasa. Mimi ni wa bosi. Sufuria ni ya yule bibi. Begi ni la kijana, kwa mkopo. Hiyo kampuni yenyewe ina nini?

BEGI: Ina programu.

BOKSA: Ile iliyotupeleka baharini.

SIMU: Babu, hii ni siku ya kwanza tu. Wiki hii akifikisha safari 30 bila kukataa hata moja, anafunguliwa daraja la fedha, na hapo kila safari anaongezewa shilingi mia mo—

(Saa sita kamili. Kioo kinakuwa cheusi, kisha yanatokea maandishi meupe: Simu hii imefungwa. Lipa 1,500 ili uendelee kuitumia.)

BEGI: Dada? Dada Simu?

BOKSA: Mwache. Naye ni wa mkopo. Wewe lala, saa kumi alfajiri kuna mama ntilie anakwenda Feri kuchukua samaki, hapitii kwenye kioo, anagonga dirisha.

BEGI: Na mimi nitabaki hapa?

BOKSA: Ubaki ufanye nini? Ndani ya kifuniko chako umeandikwaje?

BEGI: "Hutunza joto..."

BOKSA: Malizia.

BEGI: "...na baridi."