Ndege wa Ulaya, Dumu la Bibi

Bibi yangu haamini kama mtu mwenye akili zake anaweza kushuka mpaka mto Ruvuma akarudi bila maji. Asubuhi ile ya Desemba nilipomuaga kwamba nafuatana na mpwa wangu kutazama ndege, aliuliza swali moja tu: "Wa kuliwa?"

"Wa kutazama, bibi. Wametoka Ulaya, wanakimbia baridi."

Akaingia ndani, akatoka na madumu mawili ya lita 20, kila moja limefungwa kitambaa chekundu mkononi lisije likachanganyika na ya wenzake bombani. "Haya, mume wangu. Kwa kuwa unashuka."

Hapa Mkunya hoja hiyo haina jibu. Uwanda wetu wa Makonde ni mchanga. Mvua ikinyesha ardhi inainywa yote, na maji yanakuja kuibukia huko chini bondeni. Bibi alipokuwa msichana aliufuata mteremko huo na mtungi, akaupanda nao kichwani. Wiki hiyo mvua zilikuwa zimechelewa, bomba limekauka siku ya kumi na moja, na mjukuu wake anamlipa bodaboda akawaone ndege wakioga.

Tulipanda mshikaki: dereva, mpwa wangu na darubini yake shingoni, kisha mimi na madumu yanayogongana kama ngoma zilizokosa mpigaji. Mpwa wangu anasomea wanyamapori, na njia nzima alikuwa akinipa somo kwa kelele. Mbayuwayu, mjomba, ana gramu 20 hivi, na anavuka Sahara! Mwaka 1911 wakili mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire; Desemba 1912 ndege yuleyule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Gramu 20! Mimi nilikuwa na madumu mawili matupu na mgongo umeshaanza kulia.

Chini tulikuta mbegu ya mpunga imemwagwa kwenye tope kando ya mto, mzee mwenye shamba amesimama, na mtoto anapiga debe kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Ndege."

"Wachukueni wote."

Mpwa wangu alimweleza kwa adabu kwamba tunawataka watulie. Mzee akamtazama yeye, akaitazama darubini, akasema ukimya wa nusu saa ni shilingi 2,000. Nililipa. Naamini tungekuja mikono mitupu angetuachia kwa 500.

Ukimya ule, nakiri, ulistahili bei yake. Kitwitwi mmoja alitua ukingoni, hatua kumi kutoka tulipo: mgongo wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, mwili usiojaza kiganja. Kila akidonoa, mkia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mjumbe wa kikao anayekubali kila hoja. Mpwa wangu alininong'oneza kwamba hawa huzaliana Ulaya na Urusi. Nikataka kumwona vizuri mgeni wa Urusi. Nikasogea hatua moja.

Mguu ukazama mpaka gotini. Nilipouvuta, mguu ulikuja, yeboyebo ikabaki. Nikatafuta cha kushika, na cha karibu kilikuwa dumu. Nalo halikunishika, liliteleza, likaserereka, likaingia mtoni. Ndege wote wakaruka. Mtoto akalirudia debe lake kwa furaha, dakika zangu kumi na mbili nikiwa bado nazidai.

Mpwa wangu alilifuatilia dumu kwa darubini bila kupepesa. "Mjomba," akasema, "limepita katikati ya mto. Limeingia Msumbiji." Kisha akatoa daftari, akaandika saa.

Tulipanda na dumu moja lililojaa, mimi mguu mmoja peku. Dereva alilitoza nauli ya abiria, akisema lina uzito kuliko mpwa wangu na halijui kuinama kwenye kona.

Bibi alilipokea dumu, akatazama nyuma yangu. "Moja?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya wakili na pete yake. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea.

"Hao ndege wanarudi kwao lini?"

"Machi, Aprili, bibi."

"Na wengine wanapitia Msumbiji?"

"Wanapitia."

"Basi waambie waje na dumu langu. Lina kitambaa chekundu, watalijua."