Barafu za Wifi na Kisanduku cha Sauti

Redio moja ya hapa Tanga ilipokubali kurusha mashairi ya mama mkwe wangu ilitoa sharti moja tu: sauti iwe safi. Zile alizorekodi kwa simu zilikuwa na bodaboda ndani yake, na jogoo wa jirani kwenye kila kituo. Baba Salma hana subira na habari za vifaa. Jioni ile ile alirudi na maiki ya kondensa pamoja na kisanduku cha kurekodia, saundikadi kama waiitavyo watu wa studio. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: kinapokea sauti kutoka kwenye maiki, kinaipima maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kinaipa laptopu tarakimu. Kukifanya kifanye hivyo ndiko kulikotuvurugia nyumba.

Kwanza taa iliwaka, lakini laptopu haikukiona. Baba Salma akafuta programu, akaipakia upya, akamlaumu Salma na michezo yake. Salma, kidato cha pili, akauliza kwa adabu waya ule umetoka wapi. Kumbe waya uliokuja na kisanduku ulikuwa jikoni, unachaji redio; huu aliouchomeka baba yake ulikuwa wa kuchajia tochi. Waya wa namna hiyo una nyuzi mbili za umeme tu, zile mbili za kupitishia data hazimo. Taa itawaka hadi kiama na kompyuta isijue kama kuna mgeni.

"Nilikuwa nakaribia kufika hapo," akasema Baba Salma.

Waya ukabadilishwa, maiki ikawa bubu. Mama akavaa miwani, akakiinamia kisanduku. "Mwanangu, hiki cha arobaini na nane ni cha nini?" Akajibiwa asikiguse. Maiki ya kondensa haisikii kitu mpaka ipelekewe umeme wa volti 48, na kitufe cha kuupeleka ndicho hicho alichokiuliza. Hilo halikuzungumzwa tena.

Sasa sauti ikaja, na mngurumo ukaja nao. Ulikuwa mngurumo wa chini, usiopumua, kama nyuki walionaswa ndani ya mtungi. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye njia ya sauti hivyo ndivyo unavyosikika. Baba Salma alilijua hilo, na ndilo lililomponza. Kwa kuwa ni umeme, alisema, basi adui ni friji. Akaizima. Mngurumo ukabaki. Akazima feni, taa ya ukumbini, hata saa ya ukutani inayotumia betri. Mama akakaa gizani na daftari lake la mashairi, akauliza kama aghani au asome dua.

Asubuhi wifi yangu, dada yake Baba Salma, alifungua friji. Anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, na usiku ule zote zilikuwa zimerudi kuwa maji. Sitayaandika aliyoyasema. Friji ilikuwa haijawashwa tena, na kila mtu alijua mkono wa nani uliigusa.

Kilichotuokoa ni malalamiko ya zamani ya Mama. Alikuwa akisema kila siku kwamba laptopu ile "inamtekenya" vidole, na mwanawe akimjibu kuwa ni uzee. Salma akagundua kwamba baba yake akikishika kisanduku kwenye chuma, mngurumo unapungua. Kwa muda Baba Salma alifikiria kurekodi huku amekikumbatia. Lakini mimi nilikuwa naitazama soketi. Chaja ya laptopu ni ya pini mbili, na ili iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu, mtu alitumbukiza kalamu kwenye tundu la juu, kama ifanyikavyo nyumba nyingi hapa mjini. Tundu lile la juu ndilo la ethi. Chaja za aina hii huvujisha umeme mdogo sana, usiodhuru, ambao kwenye pini tatu zilizofungwa vizuri hushuka ardhini. Ukinyimwa njia hiyo, unapita kwenye bodi ya laptopu, kwenye waya wa USB, kwenye vidole vya mama mkwe wa watu. Nikaichomoa chaja. Laptopu ikabaki na betri yake, na pakawa kimya.

Mama akaghani beti zote bila kukohoa. Tulipomchezea, ikatoka sauti nzito, ya kujikokota.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni kaka yangu, Mungu amrehemu, na hakuwa akijua kughani."

Kisanduku kilikuwa kinapima mara 48,000 kwa sekunde, kipimo cha watu wa video; programu ikacheza kwa 44,100, kipimo cha CD. Tofauti hiyo huipunguza kasi kwa asilimia 8 hivi na kuishusha sauti. Salma akavilinganisha viwili hivyo, na marehemu kaka yake Mama akarudi kaburini, nasi tukampata Mama mwenyewe.

Mashairi yamesharushwa, na Mama hapokei tena simu ya mtu asiyemwita malenga. Wifi anadai fidia ya barafu zake. Kaka yake anasema atalipa redio ikimlipa Mama, na redio ile hailipi mashairi.